Wanjiru: Asili ya Jina na Maana Yake kwa Imani Yetu

Jumamosi moja, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa nimeketi kwenye meza ya kuandikisha watoto wa ubatizo katika parokia yetu. Mimi ni katekista, na kazi hiyo nimeifanya kwa muda mrefu. Mama mmoja kijana alinipa fomu aliyoijaza kwa mwandiko mzuri. Mahali pa jina la mtoto alikuwa ameandika neno moja tu: Wanjiru. Nikamwambia maneno niliyowaambia wengi kabla yake: "Mama, hapa tunataka jina la Kikristo. Nenda mkashauriane nyumbani, urudi wiki ijayo."

Yule mama akachukua fomu yake akainuka. Lakini mama mkwe wake, mzee aliyekuwa amempakata mtoto, hakuinuka. Aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, Wanjiru ni mimi. Jina la Teresia nilipewa na padre nikiwa msichana mkubwa, na ninalipenda. La Wanjiru nilizaliwa nalo. Sasa hilo langu la kuzaliwa ni la nani, kama si la Mungu?"

Sikuwa na jibu. Nilitaja utaratibu wa ofisi, wakaondoka. Swali lile, hata hivyo, lilibaki nami. Nikaanza kuuliza wazee, nikasoma vitabu vya historia, nikarudi kwenye Biblia na kwenye sheria za Kanisa. Haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika kwa ajili ya waumini wenzangu, hasa wazazi, kwa sababu naamini si mimi peke yangu niliyekosea.

Binti wa Mumbi

Wakikuyu husimulia kwamba hapo mwanzo Ngai, Mungu aliyeumba vyote na ambaye makao yake hapa duniani ni Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, alimchukua Gikuyu, baba wa kabila, akampandisha juu ya mlima. Akamwonyesha nchi yenye mito, mabonde na misitu, akamwambia kwamba nchi hiyo ni yake. Kisha akamwelekeza mahali penye mikuyu mingi, akamwamuru ajenge huko. Mahali hapo ni Mukurwe wa Nyagathanga, katika kaunti ya leo ya Murang'a. Alipofika alimkuta Mumbi, ambaye jina lake linatokana na kufinyanga au kuumba. Wakazaa mabinti tisa.

Wazee hawapendi kuwahesabu watoto wa mtu, kwa hiyo husema mabinti walikuwa "tisa kamili", wakimaanisha kwamba walikuwa tisa na mmoja zaidi. Kutokana na mabinti hao zilitoka koo za Wakikuyu. Wambui ni mama wa Ambui, Wanjiku ni mama wa Agaciku, Wangari ni mama wa Angari, Wairimu ni mama wa Airimu, na Wanjiru ni mama wa Anjiru. Kwa hiyo Wanjiru si jina lililobuniwa juzi. Ni mojawapo ya majina ya kwanza kabisa ambayo kabila hili linayakumbuka, na kila anayeitwa hivyo anaitwa kwa jina la mama wa ukoo.

Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kiitwacho Facing Mount Kenya, anasimulia yaliyofuata. Zamani hizo wanawake ndio waliotawala. Wanaume walipochoka na utawala huo walifanya njama, wakangoja hadi wanawake wengi wakawa wajawazito, wakatwaa madaraka. Walipofaulu walitaka pia kubadilisha majina ya koo, ili yasiwe tena majina ya wanawake. Hapo ndipo wanawake walipokataa. Walisema kwamba majina hayo yakifutwa, hawatazaa tena. Wanaume wakaogopa, wakayaacha majina kama yalivyokuwa.

Sisemi kwamba simulizi hili ni historia kwa namna tunavyoandika historia leo. Ila linatuonyesha jinsi watu waliolisimulia walivyoelewa jina. Madaraka yanaweza kubadilishana mikono, na mambo mengine yakasameheka. Lakini ukifuta jina la mama, umegusa uhai wenyewe wa watu.

Neno lililo ndani ya jina

Katika lugha ya Kikuyu, mwanzo huu wa "Wa-" hueleza kwamba mtu ni wa fulani au wa kitu fulani. Wangari Maathai, mama wa miti ambaye sote tunamkumbuka, alieleza kwamba jina lake lina maana ya wa chui, kwa kuwa ngari ni chui. Katika jina Wanjiru wazee wengi husikia neno njiru, lenye mzizi unaomaanisha weusi. Wanjiru basi ni yule wa weusi, binti mweusi.

Hebu tukae hapa kidogo, kwa sababu nadhani ndipo pale ambapo sisi wenyewe tulijikwaa. Katika mafundisho tuliyopokea, weusi ulikuwa rangi ya dhambi na weupe rangi ya neema. Picha za malaika ukutani zilikuwa nyeupe. Kanzu ya ubatizo ni nyeupe. Katika hali hiyo mtoto aitwaye Mweusi alileta kizunguzungu: utamvika nguo nyeupe, umwite jina jeupe, na ule weusi wake uuache nje ya mlango wa kanisa.

Lakini Biblia yenyewe haituongozi huko. Katika Wimbo Ulio Bora, sura ya kwanza, bibi arusi anatangaza weusi wake na uzuri wake kwa pumzi moja, naye ndiye anayependwa katika kitabu kizima. Na katika Hesabu sura ya 12, Miriamu na Haruni walipomnung'unikia Musa kwa sababu ya mke wake Mkushi, mwanamke kutoka nchi ya watu weusi, aliyeadhibiwa ni Miriamu. Ngozi yake iligeuka kuwa nyeupe kama theluji, kwa ukoma. Anayedhani weupe daima ni baraka na asome sura hiyo polepole.

Nguo nyeupe ya ubatizo ina maana yake, nayo ni nuru ya Kristo mfufuka. Haina uhusiano na rangi ya mtu wala na jina la nyanya yake.

Jinsi jina linavyotembea

Anayeshangaa kwa nini akina Wanjiru ni wengi hivyo na akumbuke utaratibu wa Wakikuyu wa kutoa majina. Binti wa kwanza huitwa kwa jina la nyanya mzaa baba. Binti wa pili huitwa kwa jina la nyanya mzaa mama. Ndivyo ilivyo pia kwa wavulana na babu zao. Watoto wanaofuata huitwa majina ya ndugu za baba na za mama, kwa zamu. Mzazi hachagui jina kwa sababu linapendeza masikioni. Jina linamngoja mtoto kabla hajazaliwa.

Ndiyo maana katika nyumba nyingi utamsikia baba akimwita binti yake mdogo "maitu", yaani mama yangu. Mgeni atacheka. Lakini baba huyo hatanii. Mtoto amebeba jina la mama yake, na heshima ya mama inamfuata. Hata akitaka kumpiga kwa hasira, mkono unasita. Kwa njia hii mtu hafi akasahauliwa. Hata kama hakujua kusoma, na hata kama kaburi lake halina jiwe, jina lake litaitwa tena jikoni, shambani na njiani kuelekea shule.

Jirani zake Elisabeti na Zakaria wangeuelewa utaratibu huu mara moja. Katika Injili ya Luka, sura ya kwanza, siku ya kumtahiri mtoto walitaka kumwita Zakaria kama baba yake. Elisabeti alipokataa na kusema ataitwa Yohane, walipinga kwa hoja ambayo mzee yeyote wa Murang'a angeitoa: katika jamaa yenu hakuna mwenye jina hilo. Wakamgeukia baba, naye akaandika kibaoni. Yohane alikuwa jina jipya katika ukoo ule kwa sababu Mungu mwenyewe, kwa mdomo wa malaika, alikuwa amelitoa. Angalia lakini kwamba halikuwa jina la kigeni. Lilikuwa jina la Kiebrania kama lile la baba yake, lenye maana ya kuwa Bwana ni mwenye neema. Mungu alipotaka kutoa jina jipya, alilitoa katika lugha ya mama wa mtoto.

Msichana aliyetolewa kwa ajili ya mvua

Kuna hadithi nyingine ya Wanjiru ambayo watoto wa Kikuyu waliisikia kando ya moto. Iliandikwa na mume na mke Waingereza, William na Katherine Routledge, katika kitabu walichokichapisha mwaka 1910, na imesimuliwa mara nyingi tangu hapo.

Jua liliwaka miaka mitatu, mazao yakakauka. Watu wakakusanyika kumuuliza mganga, naye akasema mvua haitanyesha mpaka msichana aitwaye Wanjiru anunuliwe. Siku ilipofika, kila mtu alileta mbuzi. Wanjiru akasimama katikati, jamaa zake wakasimama pembeni wakipokea mbuzi. Akaanza kuzama ardhini. Alizama hadi magotini, hadi kiunoni, hadi shingoni, huku akilia kwamba amepotea. Kila walipotaka kumwokoa, mtu mwingine alileta mbuzi mwingine, nao wakapokea. Mvua kubwa ikanyesha. Wanjiru akatoweka, akilalamika kwamba waliomfanyia haya ni watu wake mwenyewe.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyempenda. Usiku alichukua ngao na mkuki, akaenda mahali pale, akasimama palepale aliposimama Wanjiru. Akazama naye. Huko chini akatembea mpaka akamkuta, akiwa katika hali ya kusikitisha, akambeba mgongoni hadi juu. Akamficha kwa mama yake, akalishwa na kutunzwa hadi nguvu zikamrudia. Siku ya ngoma akamtoa mbele ya watu wote. Jamaa zake walipomwona walitaka kumshika, naye kijana akawazuia. Walikuwa wamemuuza, hakuwa wao tena. Baadaye, hasira zilipopoa, alitoa mahari akamwoa.

Mkristo anayesoma hadithi hii atamkumbuka binti wa Yeftha, katika Waamuzi sura ya 11. Naye alitolewa na wake mwenyewe, kwa sababu ya nadhiri ambayo baba yake aliiweka bila kufikiri. Biblia inasema mabinti wa Israeli walikuwa wakienda kumwombolezea siku nne kila mwaka. Lakini haituambii jina lake. Tunalijua la baba, la binti hatulijui. Wakikuyu walipokuwa na habari ya aibu kama hiyo, walilihifadhi jina la aliyeonewa. Kila nyumba iliyo na Wanjiru inaweza kukumbuka kwamba iliwahi kusemwa juu ya binti mmoja: tulimuuza kwa mbuzi, na yeye alilia, na sisi tukasikia.

Kuhusu kijana aliyeshuka, sitaki kusema zaidi ya inavyofaa. Hadithi za wazee wetu si Injili. Hata hivyo sisi tunaokiri kila Jumapili kwamba Kristo alishukia kuzimu hatuwezi kuisikia habari ya yule aliyesimama mahali pa mhukumiwa, akazama alikozama yeye, akambeba mgongoni hadi mwangani, bila moyo kushtuka. Watu waliolea watoto wao kwa hadithi hiyo walikuwa na mahali pa kuipokea Habari Njema ilipofika.

Daftari la ubatizo

Wamisionari wa Konsolata walifika Tuthu, katika milima ya Murang'a, mwezi Juni mwaka 1902, wakapokelewa na chifu Karuri wa Gakure. Ni mapadre na mabruda wachache waliotoka Turin, Italia. Walijifunza Kikuyu, wakatibu wagonjwa, wakafungua shule. Karuri mwenyewe baadaye alibatizwa akaitwa Yosefu, na mke wake akaitwa Consolata. Jina la mke huyo la kuzaliwa lilikuwa Wanjiru.

Tusiwahukumu haraka. Wakati ule sheria ya Kanisa ilikuwa hivyo kila mahali, si kwetu tu. Kanuni ya 761 ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakikataa, yeye aongeze jina la mtakatifu na kuandika majina yote mawili katika daftari. Shabaha ilikuwa njema. Jina la mtakatifu humpa mtoto rafiki mbinguni na mfano wa kufuata. Na kwa mtu mzima aliyebatizwa, jina jipya lilikuwa alama ya maisha mapya. Nyanya Teresia wa kwenye fomu yangu alilipenda jina lake kwa sababu hiyo.

Tatizo lilikuja pale ambapo majina hayo mawili yalipangwa kama mbingu na dunia. Moja likawa la kanisani, la shuleni na la kazini. Lingine likawa la nyumbani tu. Kutoka hapo tulifika mahali pa kudhani kwamba Margaret ni Mkristo kuliko Wanjiru.

Wangari Maathai ameeleza safari hiyo katika maisha yake. Utotoni alipewa jina la Miriam. Alipokuwa Mkatoliki shuleni, akaitwa Mary Josephine, na Marekani alikosoma wakamjua kwa hilo. Aliporudi Kenya mwaka 1966 aliamua kujulikana kwa jina alilozaliwa nalo, Wangari Muta. Mwaka 2004 dunia ilipompa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata, ilimwita wa chui.

Na kabla yake alikuwapo Mary Muthoni Nyanjiru, ambaye jina lake lina mzizi uleule tunaouzungumzia. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe. Wanaume walipoanza kutawanyika, yeye aliwakemea wavue suruali zao wampe yeye, akawaongoza watu kuusogelea mlango. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuawa polisi walipofyatua risasi. Alibeba majina yote mawili, la Mama wa Yesu na la mama wa ukoo, na sioni jinsi ya kuyatenganisha katika siku ile.

Majina katika Kanisa la kwanza

Nilipofika hapa nilirudi kwenye Agano Jipya nikiwa na swali moja. Je, mitume waliwabadilisha majina wale waliowabatiza?

Soma Warumi sura ya 16. Paulo anawasalimu watu wengi kwa majina. Wa kwanza ni Foibe, dada yetu, mhudumu wa kanisa la Kenkrea. Foibe lilikuwa jina la mungu wa kike katika masimulizi ya Wayunani. Kuna Herme, jina la mungu wao wa wasafiri. Katika barua kwa Wafilipi yumo Epafrodito, ambaye jina lake limetokana na Afrodite, mungu wao wa mapenzi. Katika Matendo sura ya 17 yumo Dionisio wa Athene, jina la mungu wa mvinyo. Yumo pia Apolo, mhubiri hodari. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa aende nyumbani akarudi na jina lingine. Walibatizwa wakaitwa hivyohivyo, na leo wengi wao ni watakatifu.

Kutoka kwa Dionisio limetoka jina la Dennis. Martin limetoka kwa Mars, mungu wa vita wa Warumi. Isidori maana yake ni zawadi ya Isis, mungu wa kike wa Misri. Katika miaka yangu ya ukatekista nimewaandikisha akina Dennis na akina Martin wasio na idadi bila kuuliza swali. Jina la mungu wa mvinyo nililipitisha. Jina la binti wa Mumbi nililizuia. Utakatifu wa jina la Dennis haukuletwa na asili yake. Uliletwa na watu waliolibeba wakaishi na kufa kwa ajili ya Kristo.

Ni kweli kwamba katika Biblia Mungu hubadilisha majina. Abramu akawa Abrahamu, Sarai akawa Sara, Yakobo akawa Israeli, Simoni akawa Petro. Kila mara jina hilo huja pamoja na wito, na wito huo ni wa mtu huyo peke yake. Lakini kuna ubadilishaji mwingine, ule wa Danieli sura ya kwanza. Vijana wanne wa Yuda wanapelekwa Babeli, na msimamizi wa ikulu anawapa majina mapya. Danieli anakuwa Belteshaza. Hanania, Mishaeli na Azaria wanakuwa Shadraka, Meshaki na Abednego. Majina yao ya kwanza yalimtaja Mungu wa Israeli. Mfalme mwenyewe, katika sura ya nne, anasema jina la Belteshaza linafuata jina la mungu wake.

Basi kuna jina jipya linalotolewa na Mungu anayemwita mtu, na kuna jina jipya linalotolewa na ikulu inayotaka kummiliki. Kwa nje yanafanana. Kila anayeketi kwenye meza ya kuandikisha watoto anapaswa kujiuliza anafanya lipi kati ya hayo mawili.

Kanisa linasema nini leo

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 855, imebadilika. Sasa wazazi, wasimamizi na paroko wanatakiwa tu kuangalia mtoto asipewe jina lililo geni kwa hisia ya Kikristo. Haidai tena jina la mtakatifu. Jina lenye matusi, au lenye kumweka mtoto chini ya uchawi au laana, hilo ni geni kwa imani yetu, na mchungaji ana haki ya kulikataa. Jina la nyanya aliyezaa, akalea na kusali si geni hata kidogo.

Zaidi ya hayo, orodha ya watakatifu yenyewe imepanuka. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu. Tangu siku hiyo Lwanga na Kizito, majina ya Waganda, ni majina ya Kikristo duniani kote. Kabla ya vijana hao kumwaga damu yao yalikuwa majina ya kienyeji tu. Mtoto wa Nyeri au wa Kisumu akiitwa Kizito leo, hakuna katekista atakayemrudisha.

Na hapa kwetu, tarehe 23 Mei 2015, huko Nyeri, Sista Irene Stefani wa Konsolata alitangazwa kuwa mwenye heri. Alizaliwa Italia, akawahudumia wapagazi majeruhi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akafanya kazi Gikondi mpaka alipokufa mwaka 1930, kwa ugonjwa aliouambukizwa alipokuwa akimhudumia mgonjwa. Watu wa Gikondi hawakuridhika na jina la Irene peke yake. Walimpa lao, Nyaatha, kutokana na neno tha, yaani huruma. Leo waumini wengi humwomba kwa jina hilo. Tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Mmisionari alikuja katika nchi ambayo wenyeji walipewa majina ya Ulaya wabatizwe. Naye akaheshimiwa altareni akiwa na jina alilopewa na wenyeji.

Wanjiru

Wiki mbili baadaye nilimweleza paroko wetu yote. Alinisikiliza, akafungua kitabu cha sheria akanisomea kanuni ile, akasema, "Nenda kwao." Nikaenda jioni. Nilimkuta nyanya akichambua mboga nje, na mtoto amelala. Nikamwomba msamaha yeye na mkwe wake. Nilimwambia nimepata jibu la swali lake. Alisema jibu alikuwa nalo. Alitaka tu kujua kama na mimi ninalo.

Sikuandika insha hii ili tuwaache watakatifu. Wazazi wanaotaka mtoto wao aitwe Teresia Wanjiru wafanye hivyo kwa furaha, na wamfundishe habari za wote wawili, yule wa Avila na yule wa Mukurwe wa Nyagathanga. Ninachoomba ni kwamba jina la pili lisihesabiwe kuwa la dunia. Nabii Isaya anasema Bwana alimwita kwa jina tangu tumboni mwa mama yake. Jina analotuita Mungu tangu tumboni haliwezi kuwa lile tu tutakaloandikiwa baadaye kwenye fomu.

Siku ya ubatizo padre aliwauliza wazazi wamempa mtoto jina gani. Baba alijibu kwa sauti iliyofika nyuma ya kanisa. Maji yalipomgusa kichwani mtoto alilia sana, kama watoto wote. Nyanya yake, aliyekuwa amesimama kando na mshumaa, aliitikia "Amina" kabla ya sisi wengine, kwa kuwa jina lililotajwa lilikuwa na lake pia.